Iona na Rumonge: kwa nini jumuiya moja ilidumu na nyingine ikavunjika

Katika somo la historia ya dini mwaka huu tulitakiwa kulinganisha jumuiya mbili zilizoishi maisha ya sala kando ya maji, moja ya Ulaya na moja ya eneo letu la Maziwa Makuu. Wenzangu wengi walichukua Bagamoyo au Zanzibar, kwa kuwa huko majengo ya zamani bado yamesimama na picha zake zinapatikana. Mimi nilichagua Iona, kisiwa kidogo cha magharibi mwa Uskoti, nikakilinganisha na Rumonge, mji wa ziwani ulio kama kilomita 50 kaskazini mwa kwetu Nyanza-Lac.

Mtu anaweza kuuliza hivi vitu viwili vinalingana wapi. Iona imekuwa na watu wa sala, kwa vipindi tofauti, tangu mwaka 563. Jumuiya ya kwanza ya wamisionari wa Rumonge ilianza Julai 1879 na ikavunjika Mei 1881, haikutimiza hata miaka miwili. Lakini tofauti hiyo ndiyo inayonivuta. Wote walikuwa wageni waliofika kwa mashua, wote walivaa nguo zilizowatenga na wenyeji, wote walikuwa na sheria ya kuishi pamoja na kusali pamoja. Kwa nini mmoja aliota mizizi na mwingine akang'oka?

Hoja yangu ni kwamba jumuiya ya namna hii hulindwa na mahusiano kuliko inavyolindwa na maji au kuta: nani aliikaribisha, ilifunga undugu na nani, na majirani waliielewaje. Nitaonyesha pia kwamba katikati ya habari zote mbili yupo mateka mmoja, na kwamba mateka huyo hana jina. Jambo hilo la pili nililiona nikiwa nimekwisha kuanza kusoma, na sasa naliona zito kuliko la kwanza.

Iona na wenyeji wake

Iona ina urefu wa kilomita kama 5 na upana usiofika 3. Imetengwa na kisiwa kikubwa cha Mull kwa mlangobahari wa kilomita moja na nusu hivi. Leo wakazi wake hawafiki 200. Mtaa mmoja tu wa Nyanza-Lac una watu wengi kuliko hao.

Mwanzilishi wa jumuiya yake alikuwa Columba, mtawa wa Ayalandi aliyezaliwa karibu mwaka 521 katika ukoo wa kifalme. Mwaka 563 alivuka bahari pamoja na wenzake 12, akapewa kisiwa hicho. Nani alimpa? Hapo waandishi wa zamani hawakubaliani. Kumbukumbu za Ayalandi zinasema ni Conall, mfalme wa Dál Riata, ufalme wa watu waliosema lugha moja na Columba. Bede, mtawa wa Uingereza aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 731, anasema ni Wapikti, watu waliotawala sehemu kubwa ya kaskazini ya nchi hiyo. Kwangu muhimu ni kile ambacho pande zote mbili zinakubali, yaani kwamba kisiwa kilitolewa na mwenye mamlaka ya kukitoa. Hakuna anayesema kwamba Columba alishuka tu akapanda miti ya uzio. Hata ubishi wenyewe unaonyesha kwamba kila upande ulitaka heshima ya kuwa ndio uliomkaribisha.

Pili, Columba hakutoka mbali. Kutoka kaskazini mwa Ayalandi hadi Iona ni safari fupi ya bahari, na watu wa pande zote mbili walikuwa ndugu kwa lugha na kwa damu. Maabate wengi waliomfuata walitoka katika ukoo wake. Kwa hiyo aliyeigusa Iona alikuwa amegusa ukoo wenye wafalme.

Tatu, watawa walijilisha. Walilima shayiri, walifuga ng'ombe, walivua samaki, waliwinda sili, na mbao za kujengea walizileta kwa mashua. Tunayajua haya kwa sababu Adomnán, abate wa 9 wa Iona, aliandika maisha ya Columba karibu mwaka 700, na kati ya miujiza anayoisimulia ameacha habari nyingi za kazi za kila siku: watu wanaorudi shamba wamechoka, mgeni anayepiga kelele upande wa pili wa mlango ili aletewe mashua. Anasema Columba alikuwa akinakili zaburi siku moja kabla ya kufa kwake mwaka 597.

Nne, jumuiya hiyo ilizaa nyingine. Mwaka 635 Aidan alitumwa kutoka Iona kwenda kuanzisha monasteri ya Lindisfarne, kisiwa kingine upande wa mashariki, kwa ombi la mfalme Oswald ambaye ujanani alikuwa mkimbizi kati ya watu wa Iona. Sisi tuliozaliwa ukimbizini tunalielewa hilo upesi: mtu hasahau waliompokea.

Rumonge, Julai 1879 hadi Mei 1881

Kabla ya kusema habari za Rumonge, lazima nitofautishe jambo moja. Mapadri Weupe, ambao jina lao rasmi ni Wamisionari wa Afrika, si wamonaki. Shirika lao lilianzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868 kwa ajili ya kazi ya kutembea na kufundisha. Walivaa mavazi meupe kwa mfano wa nguo za watu wa Algeria. Lakini Lavigerie aliwapa sheria inayofanana sana na ya watawa: waishi katika jumuiya, na wasiwe kamwe chini ya watatu mahali pamoja. Aliwaagiza pia wajifunze lugha ya watu, wale chakula chao na waishi kama wao kadiri inavyowezekana. Kwa sababu hiyo naona ni halali kuwaita jumuiya na kuwalinganisha na watu wa Columba.

Msafara wao wa kwanza kwa ajili ya Maziwa Makuu uliondoka Algiers mwaka 1878, ukapita Zanzibar na Bagamoyo, ukapanda bara. Kiongozi wa kundi la Tanganyika, Padri Pascal, alifia njiani. Mwenzake, Padri Toussaint Deniaud, akachukua nafasi yake. Januari 1879 walifika Ujiji.

Ujiji wakati huo ulikuwa mji wa biashara wa Waswahili na Waarabu. Pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese ya pwani yetu na watumwa walipita hapo. Shanga na vitambaa vilifanya kazi ya fedha. Lugha ya soko ilikuwa Kiswahili, lugha hii ninayoandikia, na ni mashua za biashara hiyo zilizoipandisha hadi Rumonge na Uzige, ambako leo ni Bujumbura. Nataka msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mara nyingi tunasimulia kana kwamba wamisionari walifika mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Burton na Speke walipita pwani hii mwaka 1858. Livingstone na Stanley walipita Novemba 1871, na jiwe la Mugere kusini mwa Bujumbura linawakumbuka. Watu wa ziwani walikuwa wameshawaona wageni, na walikuwa na sababu za kuwaogopa.

Julai 1879 Mapadri Weupe walivuka kutoka Ujiji wakaanza makao Rumonge. Hapa ndipo swali la Iona linaporudi: nani aliwakaribisha? Burundi ilikuwa na mfalme, Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1908. Lakini makao yake yalikuwa milimani, upande wa Muramvya, na hakupenda wageni waingie nchini kwake. Wavamizi wa Ujiji chini ya Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, walijaribu kupanda nchini mwake na hawakuweza. Pwani ya Imbo, bonde hili la joto tunaloishi sisi, ilikuwa pembeni mwa mamlaka yake. Watemi wadogo wa ziwani walikuwa na mambo yao, na watu wa Ujiji walikuwa na mkono wao. Kwa hiyo wamisionari walikaa mahali ambapo mkubwa wa nchi hakuwa amewapokea, na wadogo hawakuwa na sauti moja. Hawakuwa na ndugu ng'ambo ya pili ya maji. Ndugu zao walikuwa Nantes, Algiers na Ubelgiji, umbali wa miezi mingi.

Kazi yao kubwa ya mwanzo ilikuwa kukomboa watoto. Maana yake ni kwamba waliwanunua watoto waliokuwa watumwa, wakawaweka huru na kuwalea kwenye misheni. Lavigerie alichukia utumwa kwa dhati. Mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akiupinga hadharani, na sauti yake ilisikika hadi kwa serikali za Ulaya. Basi watoto wa Rumonge ndio waliokuwa jumuiya hasa. Mapadri walikuwa wachache na wageni, ila watoto ndio waliotazamiwa kuwa Wakristo wa kwanza wa ziwa.

Mgogoro ulianzia kwa mtoto mmoja. Majirani ambao wamisionari waliwaita Wabikari walikuwa naye mmoja wa watoto hao, na walikataa kumrudisha. Padri Deniaud alitaka arudishwe. Tarehe 4 Mei 1881 kulitokea mapambano, na Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao Félix D'Hoop, Mbelgiji aliyewahi kuwa askari wa Papa, wakauawa. Waliobaki walivuka ziwa kwenda upande wa magharibi.

Mtoto wa Rumonge na kijakazi wa Broichan

Katika kitabu cha Adomnán kuna habari ambayo niliisoma mara tatu. Columba alikwenda kwa Bridei, mfalme wa Wapikti, aliyekuwa na makao karibu na mto Ness. Kwa mfalme huyo kulikuwa na mganga mkuu, Broichan, aliyemweka kijakazi kutoka Ayalandi. Columba alimwomba amwachilie huru. Broichan alikataa. Columba akaondoka, na kwa maelezo ya Adomnán mganga akapatwa na ugonjwa wa ghafula, akapona tu baada ya kukubali kumtoa yule msichana.

Ukiweka habari hii karibu na ile ya Rumonge, unaona umbo moja: mtu wa Mungu, mgeni, anadai mateka mikononi mwa wenyeji, naye anakataliwa. Iona inaishia kwa muujiza, Rumonge kwa makaburi matatu. Ningeweza kusema tofauti ni kwamba ya kwanza ni hadithi ya kumtukuza mtakatifu iliyoandikwa miaka 100 baada ya kifo chake, na ya pili ni tukio lililoandikwa na watu wa wakati ule. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Columba alidai mateka akiwa nyumbani kwa mfalme, akizungumza na mtu aliyejua uzito wa ukoo wake. Alikuwa na pa kusimama. Deniaud hakuwa na mfalme wa kumsikiliza, na hakuna mzee wa pwani aliyeweza kukaa katikati akaamua.

Kuna zaidi. Mtoto yule alikuwa nani machoni pa kila upande? Kwa mapadri alikuwa huru, mwana wa misheni. Lakini alikuwa ametolewa utumwani kwa shanga na vitambaa, vitu vile vile ambavyo wafanyabiashara wa Ujiji walitumia kununulia watu. Nadhani jirani aliyetazama kutoka nje hakuona tofauti kati ya kununua ili kumweka huru na kununua ili kumiliki. Aliona nyumba ya wageni wenye mali inayojaza watoto wa watu. Katika nchi ambamo mtoto ni wa ukoo, watoto wengi wasio na ukoo ndani ya boma la wageni lazima walizua maneno. Sisemi hivi ili kuhalalisha mauaji. Nasema kwamba neno "kukomboa" lilikuwa na maana ndani ya uzio wa misheni, na nje yake lilikuwa bado halijatafsiriwa.

Kukomboa huko kulikuwa na matunda pia, na haki inataka niyataje. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Wazee wa Karema wanamjua kwa jina, na kwa jina hilo tunaweza kumuuliza maswali: alitoka wapi, alioa nani, alifanya nini. Mtoto wa Rumonge hatuwezi kumuuliza kitu. Katika masimulizi yote niliyosoma wanatajwa Deniaud, Augier na D'Hoop, halafu linakuja neno "mtoto". Kijakazi wa Broichan naye hana jina. Adomnán ametuandikia jina la mganga, jina la mfalme na jina la mto. Msichana aliyesababisha safari ya maneno yote hayo ni "kijakazi" tu.

Lakini Adomnán huyo huyo alifanya jambo ambalo sijaona mfano wake mwingi katika zama zake. Mwaka 697, katika mkutano uliofanyika Birr, Ayalandi, alipitisha sheria ya kuwalinda wanawake, watoto na watu wa dini wasiuawe vitani. Wakubwa 91, wafalme na viongozi wa Kanisa, waliorodheshwa kuwa wadhamini wake. Angalia namna alivyoifanya. Hakuhubiri tu kwamba ni vibaya kumwua mtoto. Alikusanya wenye nguvu, akataja majina yao mmoja mmoja, akaweka faini. Na faini za zama hizo zilihesabiwa kwa kipimo kilichoitwa cumal, neno ambalo maana yake ya asili ni kijakazi. Hata sheria njema ilipimwa kwa mizani ya utumwa. Pamoja na hayo, miaka 100 baada ya Columba, Iona ilikuwa na uwezo wa kuwaita wafalme 50 na zaidi wasikilize habari za mtoto asiye na silaha. Rumonge haikupata miaka 100. Haikupata hata miwili.

Maji hayakumlinda yeyote

Wapo watakaosema Iona ilidumu kwa sababu ni kisiwa, na Rumonge ilianguka kwa sababu ni pwani ya bara. Historia ya Iona yenyewe inakataa. Bahari ile ile iliyomleta Columba iliwaleta Waviking. Walivamia mwaka 795, wakarudi 802 wakachoma moto, wakarudi 806 wakaua watu 68. Mwaka 825 mtawa Blathmac aliuawa kwa kukataa kuonyesha mahali ilipofichwa masalia ya Columba. Watu 68 kwa siku moja ni msiba mkubwa kuliko wa Rumonge, na kwa jumuiya ya kisiwani ni karibu kumalizika.

Hawakumalizika kwa sababu walikuwa na pa kwenda. Mwaka 807 walianza kujenga makao mapya Kells, ndani ya Ayalandi, kwenye ardhi ya watu wao. Kitabu maarufu cha Injili kiitwacho Kitabu cha Kells, ambacho leo kiko Dublin, inaaminika na wengi kwamba kilianzwa Iona. Baadaye, karibu mwaka 1200, Wabenedikto walijenga abasia mpya kisiwani kwa hisani ya Ranald, mtawala wa visiwa vile. Na abasia hiyo ilipokufa katika karne ya 16, haikuuawa na mapanga. Mwaka 1560 bunge la Uskoti lilikataa mamlaka ya Papa, wakubwa wa nchi wakabadilika, na watawa hawakuwa na mtetezi. Maji yalikuwa pale pale. Jumuiya ya leo ya Iona, isiyo ya wamonaki bali ya Wakristo wa madhehebu mbalimbali, ilianzishwa mwaka 1938 na mchungaji George MacLeod, aliyewachukua mafundi wasio na kazi wa Glasgow wakajenga upya nyumba za watawa pamoja na wachungaji vijana.

Ziwa letu lina mfano wake pia. Mkabala na Rumonge, ng'ambo ya Kongo, kuna rasi ndefu ya Ubwari. Burton aliiandika kuwa kisiwa, na hata leo ukiitazama asubuhi ukungu ukiwa chini utamsamehe. Ni upande huo wa Ubwari ambako Mapadri Weupe walianzisha Kibanga mwaka 1883, baada ya Rumonge kuwashinda. Pale walikuwa karibu kisiwani. Lakini magonjwa yaliwaua wengi, na mwaka 1893 kituo kilifungwa. Nchini Burundi wenyewe walirudi mwisho wa karne: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899. Safari hiyo walifanikiwa, na Kanisa Katoliki la Burundi linahesabu miaka yake kuanzia hapo. Ila tusisahau kwamba wakati huo Wajerumani walikuwa tayari na askari Usumbura. Mwaka 1903 Mwezi Gisabo mwenyewe alilazimishwa kutia saini mkataba wa Kiganda. Jibu la swali "nani amewakaribisha" lilikuwa limebadilika, na si kwa hiari ya mwenye nchi.

Kwa nini pwani yetu imesahau

Nilipokuwa nikiandaa insha hii nilikwenda Rumonge, nikamkuta mzee mmoja aliyewahi kuvua mukeke na ndagala maisha yake yote. Nilimwuliza kama aliwahi kusikia kwa wakubwa wake habari za wazungu watatu waliouawa zamani. Alicheka kidogo. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi mwenyewe nimekuja hapa. Baba yangu alikuja. Huyo aliyeona, watoto wake wako wapi?"

Jibu lake ni la kihistoria kuliko alivyojua. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliikumba pwani ya Tanganyika, na wakoloni waliwahamisha watu wa ziwani wakawapeleka mbali na maji. Waliorudi baadaye hawakuwa wote wale wale. Kisha tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza Rumonge na Nyanza-Lac. Watutsi wengi wa hapa waliuawa, halafu serikali ya wakati ule ikaua Wahutu nchi nzima, na waliookoka pwani hii wakavuka kwenda Tanzania. Mashamba yao ya michikichi yakapewa wengine. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vikatawanya watu tena.

Mimi nilizaliwa Mishamo, nikaletwa Nyanza-Lac nikiwa mtoto mdogo, nikiongea Kiswahili kuliko Kirundi. Shamba ambalo babu yangu alilima lilikuwa na familia nyingine iliyolipata kihalali kwa macho yake yenyewe. Kwetu swali la nani alikukaribisha mahali fulani halikai vitabuni. Linajadiliwa mbele ya wazee wa kilima, na pande zote mbili zina mashahidi.

Kwa watu waliohamishwa mara nyingi hivyo, simulizi za kinywa hukatika. Kinachobaki ni karatasi, na karatasi za 1881 ziliandikwa na upande mmoja. Iona ilikuwa na Adomnán, mwana wa ukoo ule ule aliyeandika juu ya watu wake. Rumonge iliandikwa na wageni waliokuwa wakiomboleza wenzao. Waliandika kwa uaminifu wa huzuni yao, na siwalaumu. Lakini Wabikari hawakupata mwandishi, na mtoto hakupata.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Iona ilidumu kwa sababu ilipokelewa na wenye nchi, ilifungamana na koo, ilijilisha, na ilikuwa na matawi ya kukimbilia ilipopigwa. Rumonge ya 1879 haikupata hata moja kati ya hayo kwa ukamilifu, isipokuwa la mwisho, ambalo liliwaokoa waliobaki. Ujasiri wa mapadri wale haukuwa mdogo kuliko wa watawa wa Columba. Walichokosa ni muda wa kuwa jirani wa mtu.

Tunapofundisha historia ya pwani hii, tusianze na tarehe 4 Mei 1881 na kuimaliza hapo hapo. Tuanze na soko la Ujiji, tupite kwa Mwami asiyetaka wageni na watemi wa Imbo waliobanwa katikati, kisha ndipo tufike kwenye uzio wa misheni na mtoto aliyekuwa akigombaniwa. Pale Buta, milimani juu yetu, vijana 40 wa seminari waliuawa tarehe 30 Aprili 1997 kwa sababu walikataa kutenganishwa Wahutu kando na Watutsi kando. Wale wanakumbukwa na familia zao na nchi nzima. Mtoto wa Rumonge alikuwa na mama mahali fulani, labda Manyema, labda milima ya Ubwari tunayoiona kila siku. Kumwandika tu kwamba alikuwapo, na kwamba watu wazima wa pande mbili walipigana juu yake bila mtu kumwuliza anataka kwenda wapi, ni mwanzo mdogo wa kazi ambayo sisi tunaosoma historia kwa lugha ya ziwa hili tunaweza kuifanya.